Hiki si Kikao, Mwanangu

Hotuba kwa semina ya wafanyakazi wa usharika mmoja jijini Dar es Salaam

Baba Mchungaji, wazee wenzangu wa kanisa, na ninyi ndugu zangu wafanyakazi mlioiacha Jumamosi yenu, pamoja na nguo za kufua na wagonjwa wa kuwatazama, mkaja kuketi hapa: Bwana Yesu asifiwe.

Nimeombwa niseme juu ya namna Mkristo anavyoweza kuukuza uhusiano wake na Mungu wakati siku zake zimejaa shughuli. Ujumbe wa mwaliko niliusoma nikiwa kwenye foleni ya benki huku simu ya pili ikiita mkobani, nikaujibu kwa neno moja, "Nitakuja," kisha nikausahau kwa muda wa wiki mbili. Nawaeleza hayo mapema ili asiwepo atakayedhani kwamba aliyesimama mbele yenu ni bingwa wa jambo hili. Mimi ni mhasibu, na kwa miaka mingi nimekuwa mtunza hazina wa usharika; nina mume, watoto, na wazee wa pande mbili wanaotutegemea; na haya nitakayoyasema nimejifunza kwa kuyakosa.

Miaka michache iliyopita mama yangu aliugua huko kwetu Bukoba. Niliomba ruhusa ya siku nne kazini, nikasafiri, nikafika hospitalini jioni nikiwa na faili la mahesabu ya sikukuu ya mavuno ndani ya begi, kwa kuwa nilikuwa nimepanga kulimalizia kando ya kitanda chake. Nilimkuta yu macho. Nilimwamkia, nikamnywesha uji, tukaongea habari za watoto, kisha akaniambia, "Niombee." Nikamshika mkono, nikafumba macho, na maneno yakatiririka bila taabu yoyote, kwa sauti nzuri, kama yanavyotiririka kila wiki: "Baba wa mbinguni, tunakushukuru kwa kutukutanisha tena mahali hapa. Tunakuomba uwe mwenyekiti wetu, ututangulie tangu mwanzo hadi mwisho, na yote tutakayoyajadili..." Nikahisi mkono wake unatikisika. Nilidhani analia. Nilipofumbua macho niliona kwamba anacheka, kile kicheko cha mgonjwa kisichokuwa na sauti, naye akaniambia taratibu, "Hiki si kikao, mwanangu."

Tulicheka wote wawili, na hadi leo ndugu zangu hunitania kwa jambo hilo. Lakini usiku ule, nikiwa nimeketi kwenye benchi la wauguzaji, nilijiuliza ni lini mara ya mwisho nilizungumza na Mungu pasipokuwa na ajenda, pasipokuwa na watu wanaonisikiliza, na pasipokuwa na mtu anayengoja nimalize ili mkutano uanze. Sikupata jibu. Nilikuwa nimesali karibu kila siku, na kama sala zingehesabiwa kwa mdomo huenda ni wachache katika usharika wetu ambao wangenishinda: nilikuwa nimefungua vikao vya Baraza la Wazee, nimefunga vikao vya kamati ya ujenzi, nimeombea chakula cha harusi na safari za kwaya. Sala zote hizo zilikuwa zimegeuka kuwa kengele. Zilitangaza kwamba jambo linaanza au jambo limekwisha, na Mungu mwenyewe nilikuwa nimempa cheo cha mwenyekiti, yaani mtu ambaye jina lake hutajwa kwa heshima mwanzoni, kisha wajumbe wakaendelea na yao.

Mada hii mara nyingi huanzwa kwa kugombezwa. Tunaambiwa kwamba muda tunao, ila hatuupangi. Kwamba tukipunguza televisheni na umbea tutapata saa nzima ya sala. Mimi sipendi mwanzo huo, kwa sababu hauwatendei haki watu ninaowafahamu. Mtu anayeishi Chanika na kufanya kazi Posta huamka saa kumi alfajiri, hubadilisha gari njiani, husimama mguu mmoja ukiwa juu ya mguu wa mwenzake, hufanya kazi kutwa, na kurudi nyumbani wakati watoto wameshalala. Muuguzi wa zamu ya usiku, mama lishe anayewasha moto kabla ya adhana ya alfajiri, dereva wa bodaboda ambaye siku asiyoendesha ni siku asiyokula, hao wote si wavivu wa kiroho. Uchovu wao ni wa kweli, na Mungu anaufahamu kuliko sisi tunaowahubiria.

Pamoja na hayo, sitaki kuwadanganya kwamba tatizo letu lote ni uhaba wa muda. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, mimi niliyekuwa nikikaa Kimara nilijiwekea ahadi kwamba dakika nitakazookoa kila asubuhi nitampa Mungu. Dakika zile ziliokoka kweli. Ndani ya mwezi mmoja zilikuwa zimeliwa zote na simu: kundi la usharika, kundi la ukoo, kundi la waliosoma pamoja, kundi la maandalizi ya send-off ya binti wa jirani, na katika kila kundi kulikuwa na mtu aliyetuma mstari wa Biblia wenye picha ya maua, nami nikajibu "Amina" bila kuusoma. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba hata nikipewa siku yenye saa 30, zile sita za nyongeza zitakwenda kulekule zilikokwenda nyingine. Shughuli zina tabia ya maji, hujaza kila shimo zinalolikuta wazi, na shimo lisilojengewa ukingo halitabaki kavu kwa sababu tu mwenyewe alitamani libaki kavu.

Wala shughuli hazikuanza na kizazi chetu. Nilikuwa nikimtazama mama yangu nikidhani kwamba yeye aliweza kusali kwa sababu hakuwa na ofisi wala foleni. Nilikuwa sijafikiri. Mama alilea watoto saba, alipalilia shamba la migomba na buni, alichota maji mtoni, aliuguza wakwe zake hadi siku za mwisho wao. Na katikati ya hayo aliamka kabla ya jogoo, akaketi jikoni kwenye kigoda chake, akasoma zaburi moja kwa sauti ndogo, akanyamaza, akasali, akanyanyuka kuwasha moto. Alikuwa mlokole, mmoja wa watoto wa uamsho ule ulioanzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kuingia kwetu Bukoba kabla ya muongo ule kwisha. Watu wa uamsho ule walikuwa na desturi mbili ambazo sisi tumeziacha kwa hasara yetu. Walisoma Neno kila asubuhi wakiwa peke yao, na walipokutana waliungama mbele ya wenzao mambo yaliyowashinda, wakitaja hasira kwa jina la hasira na wivu kwa jina la wivu. Mama hakuwahi kunieleza nadharia yoyote juu ya maisha ya kiroho. Nilichojua ni kwamba ukiingia jikoni kabla hajamaliza, hakuna aliyekugombeza, ila pia hakuna aliyekujibu.

Tuitazame Injili ya Marko, sura ya 6. Mitume wamerudi kutoka safari ya kuhubiri, wanamweleza Yesu yote waliyoyafanya na kuyafundisha, yaani wanasoma taarifa ya utekelezaji, na yeye badala ya kuwapangia ziara nyingine anawaambia: "Njoni ninyi peke yenu kwa faragha, mahali pasipokuwa na watu, mkapumzike kidogo." Mwinjili anatoa na sababu, kwamba watu walikuwa wengi, wakija na kwenda, hata haikuwapo nafasi ya kula. Tunaposoma mstari huo hadharani kwa kawaida tunaishia hapo, tukafurahi kwamba Bwana anaruhusu likizo. Tukiendelea kusoma tutaona kwamba likizo ile iliharibika. Umati uliwaona wakiondoka, ukakimbia kwa miguu, ukafika mbele yao. Na Yesu alipotoka chomboni, aliwahurumia, akaanza kuwafundisha, na jioni ikawa kazi ya kulisha wanaume 5,000. Mimi mstari huu hunifariji kuliko ule wa kwanza, maana nimeishi siku za namna hiyo, siku ambazo nimekwisha kufunga mlango ili nisali na mtoto anagonga akiwa na homa.

Lakini angalieni kinachofuata. Baada ya vipande kukusanywa, Yesu anawalazimisha wanafunzi wapande chomboni, anaagana na mkutano, kisha anakwenda mlimani kuomba, na usiku unamkuta huko. Miadi iliyovunjwa mchana aliihamishia usiku, hakuifuta. Nadhani hapo ndipo wengi wetu tunapoangukia. Hatuanguki asubuhi mtoto anapougua, maana kumshughulikia mgonjwa ni utii. Tunaanguka saa tatu usiku, mtoto akiwa amelala na homa imeshuka, tunapojiambia kwamba kwa leo imeshindikana, tutaanza upya Jumatatu, au mwanzo wa mwezi, au Kwaresima ijayo.

Naomba sasa niseme jambo ambalo wazee wenzangu huenda wasilipende. Shughuli inayotuondoa kwa Mungu kwa urahisi kuliko zote ni shughuli za kanisa. Kazi ya ofisini angalau tunajua kwamba ni kazi ya ofisini. Haituambii kwamba ni sala. Kamati ya ujenzi hutuambia hivyo. Mtu akiwa na mazoezi ya kwaya Jumanne na Alhamisi, jumuiya nyumba kwa nyumba, kikao cha umoja wa wanawake, semina kama hii, harambee ya vyombo vya muziki, na ibada mbili za Jumapili kwa sababu ya kwanza anaimba na ya pili anahesabu sadaka, mtu huyo atalala usiku akiwa na hakika kwamba ametembea na Mungu wiki nzima, kumbe ametembea na ratiba ya Mungu. Nimehesabu sadaka wakati wa mahubiri kwa miaka kadhaa, nami nawaambia kwamba nilizijua bahasha za ahadi za usharika wetu kuliko nilivyoyajua masomo ya Jumapili. Sisemi tuache kutumika. Nasema kwamba Baraza la Wazee linalopanga ratiba ya usharika lijiulize kama limemwachia mshirika hata jioni mbili za kuwa nyumbani kwake, kwa sababu haiwezekani tumjaze mtu siku saba halafu tumwalike kwenye semina tumuulize kwa nini hana muda wa kusali.

Nirudi kwenye jambo lenyewe. Hujengwaje uhusiano huu ndani ya siku ambayo haitapungua kazi? Yupo mtu mmoja katika Agano la Kale ambaye naona alikuwa mfanyakazi hasa kama sisi, mwajiriwa wa serikali ya kigeni, mwenye zamu, mwenye bosi ambaye uso wake lazima usomwe kabla ya kusema neno. Nehemia alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta huko Shushani. Siku moja, akiwa kazini, ameshika divai, mfalme anamwuliza ghafla anataka nini, na jibu lake laweza kumpandisha au kumwangamiza. Maandiko yanasema, "Basi nikamwomba Mungu wa mbinguni. Nikamwambia mfalme." Kati ya swali na jibu hapakuwa na nafasi ya kupiga magoti, wala ya kufumba macho, sala ile huenda ilikuwa pumzi moja. Tunaipenda sana habari hii, kwa kuwa inatuhalalishia sala za kwenye daladala na sala za ndani ya lifti tukielekea kwenye usaili. Ni halali kweli, nami nazisali.

Ila sura inayotangulia inaeleza sala ile fupi ilitoka wapi. Nehemia alipata habari za kubomoka kwa Yerusalemu katika mwezi wa Kisleu, na mazungumzo na mfalme yalikuwa mwezi wa Nisani, yaani miezi minne hivi baadaye. Na katika muda huo, anasema, alilia siku kadhaa, akafunga, akaomba mchana na usiku, akaungama dhambi za watu wake na za nyumba ya baba yake, akitumia maneno ya Musa aliyokuwa ameyahifadhi. Pumzi moja mbele ya mfalme ilichota katika kisima kilichokuwa kimechimbwa kwa miezi minne chumbani. Sisi tunataka kuchota bila kuchimba. Ndiyo maana sala zetu za haraka, zile za "Ee Mungu nisaidie" tunapoitwa na mkurugenzi, mara nyingi zina hofu nyingi na Mungu kidogo: tunamwita mtu ambaye hatujazungumza naye tangu mara ya mwisho tulipokuwa na hofu.

Hili ndilo nililotaka kulisema leo, na mengine yote nayaweka chini yake: sala ya katikati ya kazi huishi kwa sala ya pembeni mwa kazi. Tukiikosa ya pili, ya kwanza hubaki mazoea ya ulimi. Na hiyo ya pembeni haihitaji kuwa ndefu, ila inahitaji kuwa na mahali pake na saa yake, kama vile kila kitu tunachokithamini kina mahali na saa.

Sisi Walutheri tuna hazina katika jambo hili ambayo tumeifungia kabatini. Mwaka 1535 kinyozi wa mji wa Wittenberg aliyeitwa Peter Beskendorf alimwomba Martin Luther amfundishe namna ya kusali. Fikirini ni nani aliyeombwa: mwaka mmoja kabla, Biblia nzima ya Kijerumani aliyoitafsiri ilikuwa imetoka mitamboni; alikuwa akifundisha chuo kikuu, akihubiri, akijibu barua za wakuu, akilea watoto. Lakini alikaa chini akamwandikia kinyozi wake barua ndefu. Anaanza kwa kukiri kwamba yeye mwenyewe hupoa, kwamba kazi na mawazo mengine humfanya asiwe na hamu ya sala, na kwamba anapoona hivyo huchukua Zaburi zake, huharakisha kwenda chumbani au kanisani, na kuanza kutamka Amri Kumi, Kanuni ya Imani na maneno ya Kristo, neno kwa neno, kama wafanyavyo watoto. Anamshauri Peter aifanye sala kuwa kazi ya kwanza asubuhi na ya mwisho usiku, na ajihadhari na lile wazo linalosema, "Ngoja kidogo, nitasali baada ya saa moja, kwanza nimalize hili." Karibu miaka 500 imepita na wazo lile halijabadili hata neno moja, mimi hulisikia kila asubuhi kwa Kiswahili fasaha.

Halafu anatumia ufundi wa kinyozi mwenyewe. Kinyozi mwema, anasema, huyakaza macho na akili kwenye wembe na nywele, asisahau amefika wapi; akipiga soga huku akiangalia kando, anaweza kumkata mtu pua, au koo. Kwa hiyo ikiwa hata kunyoa kunataka mtu mzima, sala itataka zaidi. Nadhani Peter alielewa mara moja. Jambo la kuhuzunisha ni kwamba muda mfupi baada ya barua hiyo, siku moja kabla ya Pasaka mwaka uleule, kinyozi huyu alimchoma kisu mkwewe, mume wa binti yake, mezani akiwa amelewa, mkwewe akafa, naye akafukuzwa mjini. Na Luther alikuwa miongoni mwa waliomwombea apunguziwe adhabu. Nalitaja hilo kwa sababu wapo wanaofundisha sala kana kwamba ni dawa ya chanjo, ukishachoma huumwi tena. Aliyeandikiwa barua nzuri kuliko zote juu ya sala hakuepuka kuanguka, na aliyeiandika hakumtupa alipoanguka.

Njia anayomfundisha ni rahisi hata kwa mtu mwenye dakika kumi. Anachukua amri moja tu na kuisokota nyuzi nne kama shada: kwanza anajiuliza amri hii inanifundisha nini, pili ninamshukuru Mungu kwa lipi ndani yake, tatu nina nini cha kuungama hapa, na nne naomba nini. Kesho anachukua nyingine. Na anaongeza neno ambalo mimi naliona ndilo kiini: ikiwa katika kusali wazo moja jema linaanza kujaa moyoni, acha sala nyingine zote, nyamaza, usikilize, kwa maana Roho mwenyewe anahubiri. Mhasibu kama mimi hupenda kumaliza orodha. Nilihitaji kuambiwa kwamba kutomaliza kunaweza kuwa ndiko kusali.

Nimekuwa nikifanya hivyo, kwa kupanda na kushuka, tangu nirudi kutoka Bukoba. Kiti changu ni kile cha plastiki kwenye ukumbi wa nyuma, saa kumi na moja kasoro robo alfajiri, simu ikiwa chumbani kwa sababu nimeshindwa kabisa kuwa na simu mkononi na Mungu moyoni kwa wakati mmoja. Biblia ninayosoma ni ya karatasi, si ya kwenye simu, kwa sababu hiyohiyo. Wiki tatu za kwanza nilisinzia. Wiki zilizofuata nilifikiria mishahara. Haikuwa na utamu wowote, na nawaeleza hivyo wale walioanza wakaacha kwa kudhani kwamba wamekosea kitu. Urafiki wowote una majira ya kukaa pamoja bila la kusema, na mke na mume waliokaa miaka 30 wananielewa.

Juu ya toba nitasema kwa lugha ya kazi yangu. Kitabu cha fedha taslimu hufungwa kila siku, hata kama kilichotoka ni shilingi 2,000 za maji ya kunywa ya wageni. Karani anayesema atafunga mwisho wa mwezi hukuta hati zimepotea, kumbukumbu zimechanganyika, na upungufu hauna maelezo; si lazima awe mwizi, ila hawezi tena kujitetea. Nafsi ni hivyohivyo. Neno kali nililomwambia msaidizi wa nyumbani asubuhi, nikiliungama usiku, lina jina na uso, na kesho naweza kumwomba radhi. Nikilihifadhi hadi ibada ya mwisho wa mwezi, linakuwa "dhambi zetu tulizotenda kwa mawazo, maneno na matendo", nami nasema maneno hayo pamoja na umati bila kumkumbuka yule binti hata kidogo. Mkesha wa mwezi ni mzuri, lakini mtu hali pilau ya harusi mara moja kwa mwezi akashinda njaa siku zilizobaki akasema amelishwa.

Sitaweza kuondoka bila kusema habari za Martha, hasa kwa kuwa wanawake hapa ndio wengi na sote tumechoka kupigwa kwa jina lake. Bwana alimwambia, "Martha, Martha, unasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi," na hakusema kwamba chakula si kitu. Kilichomfadhaisha ni kule kugawanyika, hata akafika mahali pa kumwamuru mgeni wake amwamuru dada yake Mariamu, aliyekuwa ameketi miguuni pa Bwana, aje kumsaidia. Na Martha hakubaki hapo. Katika Injili ya Yohana ni yeye aliyekiri, kaka yake akiwa kaburini, kwamba Yesu ndiye Kristo, Mwana wa Mungu. Na katika sura ya 12 tunamkuta tena mezani, na imeandikwa kwamba alitumikia. Hakuacha jiko. Nami naona kwamba, baada ya ukiri ule, ilikuwa kazi ileile ikifanywa na moyo mwingine.

Lakini pia niwaambie akina baba: Mariamu hawezi kuketi miguuni pa Bwana ikiwa vyombo vyote ni vyake. Zipo nyumba ambazo baba husoma Biblia sebuleni saa nne usiku kwa utulivu mkubwa, na utulivu ule umenunuliwa na mama anayeosha sufuria, anayepiga pasi sare, anayeloweka maharage ya kesho. Baba huyo akimwuliza mkewe kwa nini hakui kiroho, jibu liko karoni. Dakika 20 za kuosha vyombo zaweza kuwa ibada bora kuliko sura tatu za Warumi, nazo zitamzalia mtu mwingine nafasi ya kusali.

Na kwa wale waliochoka kupita kiasi, wenye zamu mbili na watoto wachanga, sina mzigo wa kuwaongezea. Nabii Eliya, baada ya kuwashinda manabii wa Baali mlimani Karmeli, alilala chini ya mretemu akiomba kufa, na Mungu hakumtumia mahubiri. Alimtumia mkate na gudulia la maji, akamwacha alale tena, kisha malaika akamwambia, "Inuka ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako." Sauti ndogo ya utulivu ilikuja baadaye sana, huko Horebu. Katekisimo Ndogo ya Luther tuliyokariri kwenye kipaimara, baada ya kutupa sala ya jioni, inatuagiza tulale mara moja kwa furaha. Tulikariri sala, tukalisahau agizo. Kuna usiku ambao kutii ni kuzima taa.

Nilipewa dakika 45, na kwa saa yangu zimebaki saba. Nilikuwa nimeandaa mambo mengine ya kuzijazia, na mratibu ananitazama akidhani nitayasema. Badala yake naomba kila mmoja azime simu, si kuiweka kimya bali kuizima, na afungue Zaburi ya 46, mstari wa 10: "Acheni, mjue ya kuwa Mimi ni Mungu." Neno "acheni" ni lile tunalomwambia mtoto aliyeshika kisu, na la Kiebrania lililo chini yake lina maana ya kulegeza mikono, kuachilia kilichoshikwa. Ushike mstari huo tu, na nyuzi nne za yule kinyozi kama zitakusaidia. Mtu asifungue kwa sala, wala asifunge. Kwaya isiimbe. Dakika saba zikiisha, Baba Mchungaji atanyanyuka, nasi tutanyanyuka naye twende tukale.